Mzambarau wa Uani na Chumba cha Mzazi

Kabla sijaanza naomba mnisamehe mwandiko wangu. Niliishia darasa la saba, na hata huko shuleni mwalimu alikuwa akisema herufi zangu zimetawanyika kama kuku walioshtuliwa. Kama nimekosea neno, lisome kwa sauti, huenda ukasikia nilichokusudia. Naandika polepole sana, jioni nikishaosha vyombo, na ukurasa mmoja unaweza kunimaliza wiki nzima. Kusema mbele za watu ndiko kunakonishinda zaidi. Kwa hiyo naandika.

Tunakaa Kariakoo, si mbali na soko, katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba vya mbele na vyumba vingine vya uani. Mama na mimi tumepanga chumba kimoja cha uani. Katikati ya ua, kati ya vyumba vyetu na choo, kuna mzambarau. Mama mwenye nyumba anasema alipoolewa na kuletwa hapa aliukuta umeshakuwa mtu mzima, na yeye sasa ana wajukuu. Matawi ya upande mmoja yanafunika mapaa yetu. Matawi ya upande wa pili yalikuwa yanavuka ukuta na kuning'inia juu ya kichochoro. Msimu wa zambarau ua wote unakuwa wa zambarau, nguo zilizoanikwa zinapata madoa, na wapangaji wanautukana mti huo kila asubuhi. Likija joto la kabla ya masika wanagombania kivuli chake na majamvi yao.

Hakuna aliyekuwa akiutunza. Tulikuwa tunaishi nao tu. Wanawake walimwaga majivu na maji ya moto shinani mwake, kwa sababu ndipo palikuwa karibu na majiko. Tulipigilia misumari ya kutundikia masufuria. Waya wa kuanikia nguo ulifungwa kwenye shina zamani sana, ukavutwa mpaka kwenye ukuta wa kichochoro, na gamba la mti likawa limekwisha kuumeza. Chini kabisa palikuwa na pango ambalo mtoto angeweza kuingiza mkono mpaka begani, na kuku mmoja wa mama mwenye nyumba alikuwa akitagia humo.

Mwaka ambao nausimulia, choo chetu kilijaa. Bwana afya alipita na balozi wetu wa nyumba kumi, wakafunua, wakafunika haraka, na balozi akasema lichimbwe shimo jipya upesi, tena tulichimbe wenyewe kwa kujitegemea. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu, kati ya mzambarau na ukuta wa kichochoro. Wanaume wa nyumba wakavua mashati wakachimba. Walipofika kiunoni walikutana na mizizi. Mmoja ulikuwa mnene kama paja la mtu. Waliikata kwa shoka, na kila mzizi uliokatika sisi wanawake tulishangilia, kwa sababu kuni zilikuwa shida. Mama mwenye nyumba aligawa mizizi ile jiko kwa jiko. Tulipikia maharage siku nyingi. Zilikuwa kuni nzito, hazina moshi. Hakuna hata mmoja aliyetazama juu.

Muda mfupi baada ya hapo dada yangu alikuja kutoka Magomeni kwa mumewe, aje kujifungulia kwa mama, kama ilivyo kwa mimba ya kwanza. Alijifungua salama, mtoto wa kike. Mama akamlaza kitandani kwetu, akamfunga mkaja tumboni, akaweka jiko la makaa karibu na mlango, na akatangaza kwamba mzazi huyu hatatoka nje ya chumba mpaka arobaini yake. Hata chooni hakwenda, vyombo vyake nilivimwaga mimi. Wote tunaijua desturi hiyo, lakini kwa mama haikuwa desturi tu. Kabla ya dada, mama alizaa mtoto mwingine, akamtoa nje mwenyewe siku chache baada ya kumzaa kwa sababu ya safari, na mtoto hakufika mbali. Mama halizungumzii jambo hilo. Nimelisikia mara moja tu maishani mwangu.

Kila asubuhi mimi ndiye ninayefagia ua. Asubuhi moja, baada ya usiku wa upepo, ufagio ulizama. Nikainama. Upande ule wa shimo jipya, ardhi ilikuwa imepasuka kwa mstari uliopinda kufuata shina. Niliingiza kijiti, kikaenda chini chote. Kisha upepo ukapita juu na ule ufa ukafunguka kidogo, ukajifunga tena, kama mdomo wa samaki. Nilirudi nyuma hatua kadhaa nikautazama mti. Ulikuwa umeinama kuelekea chumbani kwetu. Sijui kama ulikuwa hivyo siku zote au ndiyo kwanza macho yangu yanaona.

Nilimwambia mama pale mlangoni kwa sauti ya chini.

"Mti gani?" akasema, akikoroga uji wa mzazi.

"Huu, mama. Ardhi imepasuka."

"Mti ule umewaona Wajerumani wakija na wakiondoka. Uje uanguke leo kwa sababu mwanangu kazaa? Nenda kapange foleni ya sukari."

Nilikwenda kupanga foleni. Nilisimama pale na kikapu, wenzangu wanataniana, na mimi nilikuwa nasikiliza upepo. Sukari ilipokwisha kabla sijafika mbele sikusikitika hata kidogo. Nilirudi mbio, nikakuta chumba kipo. Kuanzia siku hiyo nililala kama mtu anayengoja kuitwa.

Mwishowe nilikwenda kwa mama mwenye nyumba mwenyewe. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, halafu sikuweza kuendelea. Nikamshika kanga nikamvuta mpaka shinani. Mwanzoni alikuwa anacheka. "We mtoto, leo umekuwa bubu kabisa?" Nikaweka kijiti kwenye ufa. Upepo ulipokuja, kijiti kilisogea peke yake. Akaacha kucheka.

Balozi aliitwa. Akazunguka mti mikono mgongoni.

"Jambo hili ni zito," akasema. "Nitaitisha mkutano wa nyumba kumi."

"Ndugu balozi," mama mwenye nyumba akamjibu, "mkutano wako una ajenda. Mti huu hauna. Niitie mkwezi."

Kwetu mjini ukitaka mti wowote ukatwe, anayeitwa ni mkwezi wa minazi, kwani ndiye mwenye kamba na ndiye asiyeogopa kwenda juu. Huyu aliyekuja alikuwa mtu wa kusini, mfupi, miguu imepinda kidogo kwa kuizoea minazi. Alikuja na panga, shoka na kamba ya katani aliyoibeba begani. Wanawake wa ua walianza mara moja.

"Fundi, huko juu hakuna dafu!"

"Nitakuangushia zambarau, mama. Utafute maji yake mwenyewe."

Mama mwenye nyumba alimpa maelekezo. Upande wa vyumba usiguswe kwa sasa, maana chini yake yupo mzazi na hatoki. Aanze na matawi ya kichochoroni. Yale yataangukia nje, hayatamdhuru mtu, na mti utapungua uzito. Upande wa vyumba ungengoja arobaini. Kila mtu aliona ni maneno ya akili, hata mimi niliyaona hivyo. Mama alisimama mlangoni kwetu amekunja mikono, akatikisa kichwa kukubali.

Tawi la kwanza lilianguka kichochoroni kwa kishindo na watoto wakapiga vigelegele. La pili lilikuwa kubwa zaidi. Nilikuwa karibu na majiko, nachambua mchele, lakini macho yangu yalikuwa kwenye ule waya wa nguo. Asubuhi ulikuwa umelegea kama kawaida yake. Sasa ulikuwa umenyooka. Nguo zilizokuwa zimening'inia chini zilikuwa zimepanda juu. Nikaacha mchele. Kwa upande wa baharini mawingu yalikuwa yanajikusanya, meusi, na upepo wa mvua ulishaanza kurusha vumbi. Mkwezi alikuwa anatema tawi la tatu. Nikasikia mlio mdogo, kama mtu kavunja kijiti kikavu, na msumari ulioshika waya ukang'oka ukutani. Nguo zote zikaanguka chini.

"Nani kavuta?" mtu akauliza.

Hakuna aliyekuwa amevuta. Nilikimbia shinani. Ule ufa sasa ulikuwa unaingia kiganja changu.

Nilisema, "Fundi, acha." Hakunisikia. Hata aliyesimama karibu nami hakusikia. Nilijaribu tena, ikawa vilevile. Basi nikachukua mwiko na sufuria tupu, nikapiga. Nilipiga kama wanavyopiga watu mwezi ukipatwa. Ua wote ukanyamaza na kila mtu akanitazama, na hapo ndipo nilipotamani ardhi ifunguke kwa ajili yangu.

"Una nini?" mama akafoka. "Unamwamsha mtoto!"

"Ni kama mzega," nikasema.

"Mzega gani tena?"

Bahati yangu, mchota maji alikuwa ndio kwanza ameingia, mti wake begani na debe huku na debe kule. Nikamwonyesha kwa kidole. "Mkimwondolea debe hili, lile litashuka. Mmekata matawi ya huku. Mizizi ya huku tuliipikia maharage. Sasa hakuna kinachouvuta mti nyuma."

Mchota maji aliyatazama madebe yake kama vile yameshtakiwa. Mkwezi kule juu alikuwa ameacha panga. Akalaza kiganja chake kwenye shina, akakaa hivyo muda mrefu mpaka upepo mwingine ukapita.

"Kweli," akasema. "Niliuhisi unasogea, nikadhani ni mimi. Minazi haina matawi ya kuvuta upande. Mama, matawi ya juu ya chumba yatoke leo. Yatoke kabla mvua haijalowesha udongo. Na mimi siyakati kukiwa na mtu ndani."

Hapo wote tukageuka kumtazama mama.

Mama hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisogea akaziba mlango kwa mwili wake, mkono huku na mkono kule.

"Mwanangu hatoki."

"Shoga," mama mwenye nyumba akasema, "chumba changu cha mbele kipo, kitanda kipo, nitahama mimi."

"Na kufika huko atapita wapi? Si uani? Si chini ya mbingu, na upepo huu? Nilishamtoa mtoto kabla ya siku zake. Mnajua nilimzika wapi? Hamjui. Mimi najua."

Nilimsikia dada ndani akilia taratibu. Mtoto naye akaanza. Mti ulitoa mlio mwingine, wa chini safari hii, kutoka kwenye udongo. Sijawahi kuchukia mlio kama ule. Mkwezi alikuwa ameshuka, anajifunga upya kamba kiunoni. Watu walianza kusema wote kwa pamoja, wengine wakitaka mama aondolewe kwa nguvu. Mpangaji mmoja wa kiume alipiga hatua kwenda mlangoni.

"Usimguse!" mama mwenye nyumba akasema, na yule mtu akasimama. Kisha akamgeukia mama, sauti yake ikashuka. "Mwenzangu. Tusimtoe nje. Kama dari ikianzia hapa mlangoni pako ikafika mlangoni pangu, atakuwa ametoka nje?"

Mama akamtazama.

"Dari ya nini?"

Mama mwenye nyumba akajivua kanga ya begani, akaikunjua, akainua juu.

Wanawake walielewa kabla ya wanaume. Kanga zilitoka vyumbani, nyingine zilikuwa zile zilizoanguka na waya, zina vumbi bado. Tulisimama jozi jozi kutoka mlangoni kwetu mpaka mlango wa ukumbi wa nyumba ya mbele, mikono juu, kanga moja ikipanda juu ya nyingine pasibaki mwanya. Wengine walishusha kanga nyingine pembeni kuzuia upepo. Mama alipita chini yake peke yake kwanza, akaangalia juu njia nzima. Alipoona mahali pamoja pana nafasi akavuta pindo likafunika. Ndipo akarudi akamchukua mtoto, akamfunika gubigubi, akatangulia.

Mimi nilikuwa jozi ya mwisho, iliyokuwa karibu na mti. Tulikubaliana kwamba dada akipita, jozi ya nyuma inamfuata, kanga yake ikiwa bado juu. Alitoka ameshika ukuta. Hakuwa ametembea muda mrefu na mkaja ulikuwa umembana. Yeye hakuona kitu ila kanga juu yake. Mimi nilikuwa naliona tawi. Lilikuwa nene kuliko mwili wangu na lilikuwa likipanda na kushuka polepole, kama linavuta pumzi.

Katikati ya ua dada alisimama.

"Naona giza," akasema.

"Tembea, mwanangu," mama mwenye nyumba akamwita kutoka mbele. "Fuata sauti yangu."

"Siwezi. Miguu haina nguvu."

Kila mwanamke alikuwa ameshika kanga kwa mikono miwili. Kuachia ilikuwa ni kuifungua mbingu, na mama alikuwa ametuangalia sote usoni kabla ya kuanza. Upepo ukaja kwa nguvu na kanga zikajaa kama zinataka kuruka. Nyuma yangu udongo ulilia. Sikufikiri. Niliingiza pindo la kanga mdomoni nikaliuma, mwenzangu wa upande wa pili akavuta lake juu zaidi, na kwa mikono yangu miwili nikamsukuma dada mgongoni. Nilimsukuma kama mtu anayesukuma mkokoteni. Alijikwaa, akanitukana, tusi ambalo siwezi kuliandika hapa, na nilifurahi kulisikia kwa sababu mwenye nguvu ya kutukana ana nguvu ya kutembea. Tulifika ukumbini. Nilipofungua mdomo nilikuwa na ladha ya sabuni na vumbi, na meno yalikuwa yamekamata nguo mpaka yakauma.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya wanaume na mvua. Makuli wa sokoni waliitwa, wakazungusha kamba kwenye shina na kushika mwisho wake, wengine wakakaa chini kabisa wamekita visigino. Mkwezi aliazima msumeno kwa seremala. Kila tawi alilifunga kwanza, akalikata kidogo kutoka chini, kisha akamalizia juu, na makuli wakaliachia pole pole kama wanavyoshusha gunia kwenye lori. "Legeza! Shika! Legeza kidogo, we baba, si mali yako hiyo!" Matone makubwa yalianza wakiwa na tawi la mwisho. Kamba iliyolowa iliteleza. Tawi lilizunguka, likapiga paa letu, na bati moja likaingia ndani. Maji yakamwagika kitandani. Tuliposhusha tawi na kuingia, palikuwa na majani mabichi juu ya mto, na bati limeinamia upande wa ukutani. Mama aliyaokota majani yale moja moja.

Mti ulisimama. Udongo ulipokauka tulijaza mawe na kifusi upande wa shimo, tukashindilia. Tuliegemeza boriti mbili kwenye shina. Niliung'oa waya mahali ulipotoka, mahali ulipomezwa nikauacha. Maji ya moto sasa yanamwagwa kwenye mfereji, na mpangaji anayesahau nampigia sufuria, siku hizi wamenizoea. Majeraha ya matawi tulipaka lami tuliyoomba kwa watengeneza barabara. Mkwezi alisema hajui kama lami ni dawa ya mti au ni sumu, yeye ameona watu wakipaka tu.

Dada alimaliza arobaini yake chumba cha mbele, mtoto akanyolewa, wakarudi Magomeni. Mtoto huyo anatembea sasa.

Na sababu ya kuandika ni hii. Dada ana mimba tena. Safari hii alitakiwa abaki kwa mumewe lakini hataki, anataka kwa mama, na mama amekwisha kusema chumba ni kile kile. Atajifungua masika. Mzambarau umechipua upya pande zote, na kwenye tawi moja lililopakwa lami gamba limeanza kuoza na kutoa uyoga. Mama mwenye nyumba anataka ukatwe kabisa. Mkwezi anasema shina lina pango, likikatwa vibaya litalala kulekule tunakokuogopa. Wananiuliza mimi, kwa vile siku ile nilipiga sufuria. Wanadhani naujua mti. Mimi nilijua mzega tu.

Ndugu msomaji, kama kwenu kuna mti mzee uani, niandikie kwa kupitia gazeti hili. Niambie uyoga ule maana yake nini, na kama lami niikwangue au niiache. Niambie kama mizizi iliyokatwa huota tena ikashika, na inachukua muda gani. Zaidi ya yote, niambie kama wewe ungemlaza dada yako pale. Mwandiko wako ukiwa mbaya kama wangu usijali, nitausoma mpaka niuelewe. Ila usichelewe, maana upepo wa baharini umeshaanza kugeuka.